UZI: Mfumo wa mafaili kwenye flashi – umeme ukikatika katikati ya kuandika, kifaa chako kinabaki na nini?

#1 · Mshikasolda (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna swali linarudi kila mara humu: "Bodi yangu ina flashi, nitumie mfumo gani wa mafaili?" Majibu huja majina matupu. Mmoja JFFS2, mwingine ext4, mwingine LittleFS, halafu uzi unazama. Flashi ni chipu inayohifadhi data hata bila umeme, na mfumo wa mafaili ni programu inayopanga data hiyo kuwa mafaili na saraka. Leo naomba tulichimbe jambo hili mpaka chini, maana limewahi kunigharimu kifaa kizima.

Kilikuwa kifaa cha kukusanya vipimo. Bodi ya Linux, NAND (aina ya flashi) ya megabaiti 128, UBIFS (mfumo wa mafaili wa flashi) juu yake. Mtumiaji akibadilisha mipangilio, programu ilifungua faili la mipangilio, ikafuta kilichomo, ikaandika upya, ikafunga. Mezani kilikaa miezi bila tatizo. Kikaenda kufanya kazi mahali ambapo umeme hukatika bila kubisha hodi. Kikarudi kimya.

Nikakichomeka kwenye konsoli ya siriali, waya unaotoa ujumbe wa bodi. Kerneli, kiini cha Linux, inapanda vizuri. Mfumo wa mafaili unamauntika (unaunganishwa ili utumike) bila kulalamika hata mstari mmoja. Kisha programu yetu inaanza na kufa, inaanza na kufa. Nikaorodhesha saraka: faili lipo, jina sahihi, tarehe sahihi, ukubwa baiti 0.

UBIFS ilikuwa nzima kabisa. Iliahidi kutovurugika, na haikuvurugika. Haikuwahi kuahidi kwamba data iliyo bado kwenye RAM itafika kwenye chipu. Amri ya kufuta kilichomo ilifika, data mpya haikufika, maana kwa mipangilio ya kawaida ya kerneli data inaweza kusubiri kwenye RAM hadi sekunde 30 hivi kabla ya kusukumwa chini. Umeme ukakatika humo katikati.

Sasa tuanze na chipu yenyewe, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Diski ya sumaku unaandika juu ya kilichopo. Flashi haikubali. Ikishafutwa, biti zote ni 1. Kuandika ni kushusha 1 iwe 0. Kuipandisha 0 irudi 1 hakuna njia nyingine ila kufuta bloku nzima. Kwenye NAND ya SLC (biti moja kwa seli) niliyonayo hapa, ukurasa ni baiti 2048 na baiti 64 za pembeni, kurasa 64 zinafanya bloku moja ya kilobaiti 128. Kwa hiyo ukitaka kugeuza baiti moja pale pale ilipo, unabeba kilobaiti 128 mkononi, unafuta, unaandika upya. Umeme ukikatika wakati umebeba, umepoteza zote. NOR ya SPI, aina nyingine ya flashi inayounganishwa kwa waya chache, ni nafuu kidogo: unafuta sekta ya kilobaiti 4, unaandika hadi baiti 256 kwa mkupuo.

Na kila kufuta kunaila chipu. SLC na NOR kwa kawaida huahidiwa mara 100,000 kwa kila bloku. MLC (biti mbili kwa seli) ni maelfu machache, TLC (biti tatu) mara nyingi ni kati ya 1,000 na 3,000. Watu husikia 100,000 wakalala usingizi. Hebu piga hesabu: programu inahifadhi kihesabio kimoja kila sekunde, sekta ile ile. Siku ina sekunde 86,400. Mara 100,000 zinaisha kwa saa chini ya 28. Umekiwasha kifaa Jumatatu saa mbili asubuhi, Jumanne kabla ya adhuhuri sekta ile imeshamaliza ahadi ya mtengenezaji. Kazi ile ile ukiigawa kwenye sekta 1,000 kwa zamu, unapata zaidi ya miaka 3. Hiyo ndiyo maana ya kusawazisha uchakavu.

Ongezea kwamba NAND inatoka kiwandani ikiwa tayari na bloku mbovu. Datashiti ya chipu ya bloku 1024 huahidi bloku nzima 1004 tu. Zilizobaki zikiwa mbovu, ni juu yako kuziruka.

Ndiyo maana kabla ya jina la mfumo wowote nauliza kwanza: nani anaitawala flashi hii? Kama ni chipu uchi, NAND au NOR iliyounganishwa moja kwa moja na prosesa, basi kufuta, kusawazisha uchakavu na kuruka bloku mbovu ni kazi ya programu yako: JFFS2, YAFFS2, UBIFS, LittleFS. Kama ni eMMC, kadi ya SD au USB, ndani yake kuna kontrola yenye tabaka lake la tafsiri, wenyewe tunaliita FTL. Inajifanya diski, nawe unaweka ext4, F2FS au FAT.

Kuchanganya hizi mbili ndiyo balaa ninaloliona sana. Mtu anachukua NAND uchi, anapitia mtdblock (dereva ya Linux inayoionyesha flashi kama diski), anaweka ext4 juu yake. Inafanya kazi! Ila mtdblock ni ile ile habari ya kubeba bloku mkononi, hairuki bloku mbovu, haisawazishi chochote.

Swali la pili ni lile la kichwa cha uzi. Karibuni.

#2 · bitimoja

Mkuu asante sana, kwa mara ya kwanza nimeelewa kwa nini tunasema "kufuta" kama kitu tofauti na "kuandika". Mimi nina bodi ya zamani yenye JFFS2 kwenye NAND ya megabaiti 256. Inachukua muda mrefu sana kuwaka, na kadiri mafaili yanavyoongezeka ndivyo inavyozidi. Je, JFFS2 imeshapitwa? Nihamie wapi?

#3 · Mshikasolda

bitimoja, tatizo lako liko kwenye maumbile yake, wala si hitilafu.

Wazo la asili si la flashi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Rosenblum na Ousterhout, chuo kikuu cha California, Berkeley, walijenga mfumo wa mafaili unaoandika kila kitu kama shajara: kila badiliko linakwenda mwisho wa mstari, hakuna kurudi nyuma kufuta. Walikuwa wanaikimbia polepole ya diski, lakini ukitazama, ni kama waliipimia flashi. Mwaka 1999 kampuni ya Axis ya Sweden ikatoa JFFS kwa ajili ya vifaa vyake vya Linux, na 2001 David Woodhouse wa Red Hat akaja na JFFS2, yenye kubana data na ukusanyaji takataka (kurudisha nafasi ya data isiyotumika tena) wa akili zaidi.

JFFS2 inaandika vipande. Kila kipande kina namba ya toleo na CRC yake, hesabu ya kukagua kama data imeharibika. Faili ulilolibadilisha mara kumi lina vipande kumi mahali mbalimbali, cha juu kabisa kwa namba ndicho halali. Uzuri wake: umeme ukikatika katikati ya kipande, CRC haikubali, kipande kinatupwa, toleo la jana bado lipo. Ubaya wake: hakuna ramani kwenye chipu. Ramani inaishi RAM, na wakati wa kumaunti inajengwa upya kwa kupitia chipu nzima. Chipu ikiwa kubwa mara mbili, kusubiri mara mbili, RAM mara mbili. Baadaye waliongeza muhtasari mwishoni mwa kila bloku, unasaidia, ila mwelekeo ni ule ule.

Kwa megabaiti 256, nenda UBI na UBIFS. UBI iliingia kwenye Linux 2.6.22 mwaka 2007, UBIFS kwenye 2.6.27 mwaka 2008. UBIFS ilijengwa na Nokia wakishirikiana na chuo kikuu cha Szeged cha Hungaria. Ninachoipendea ni mgawanyo wa kazi. UBI iko chini, inajua bloku tu: kila bloku ina kichwa kinachoandika imefutwa mara ngapi, na kichwa kingine kinachosema inamwakilisha nani huko juu. Ikiona bloku iliyotumika sana na isiyotumika zimeachana kupita kiwango (kwa kawaida 4096), inahamisha data iliyolala muda mrefu ili bloku ile changa nayo ifanye kazi. Ikisoma ukurasa na ECC (msimbo wa kurekebisha makosa) ikalazimika kurekebisha biti, inahamisha data mapema kabla haijaharibika zaidi. UBIFS juu yake inashughulika na mafaili tu, na ramani yake ni mti unaokaa kwenye flashi yenyewe. Ndiyo maana inamauntika haraka.

UBI nayo husoma vichwa vya bloku zote inapowaka, kwa hiyo si bure. Lakini kusoma vichwa na kusoma chipu nzima ni mbingu na ardhi.

#4 · Nahodha wa Bodi

Nakubaliana na mengi ila hapa nataka kupinga kidogo, msije mkawafanya vijana waone JFFS2 ni takataka.

Kwenye NOR ndogo, megabaiti 8 au 16, JFFS2 bado ni chaguo la mtu mwenye akili timamu. UBI inataka vichwa kwenye kila bloku, inataka bloku za akiba, na UBIFS nayo inataka bloku zake kadhaa za utawala kabla hujaweka faili hata moja. Kwenye patisheni (sehemu ya flashi) ya kilobaiti mia chache hiyo ni sehemu kubwa ya shamba imekuwa uzio. Angalieni OpenWrt, mfumo wa Linux wa ruta, kwenye ruta za NOR: SquashFS ya kusoma tu imebeba mfumo mzima, juu yake JFFS2 ndogo inabeba mabadiliko ya mtumiaji. Ukibonyeza kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani, kinachofutwa ni JFFS2 peke yake. Ule mpangilio umekaa kwenye vifaa vingi mno kwa miaka mingi, na umesimama.

Na hili la SquashFS tuliseme kwa sauti. Sehemu kubwa ya kifaa haina haja ya kuandikwa. Kerneli, maktaba, programu: ziwe za kusoma tu. Mfumo usioandikwa hauwezi kuvurugwa na umeme kukatika. Patisheni ya kuandikwa iwe ndogo, uijue kila faili lililomo na nani analiandika.

#5 · Mshikasolda

Nahodha, hapo umenisahihisha vizuri. Hesabu yangu ilikuwa ya NAND kubwa. Kwenye NOR ndogo nakubaliana nawe bila sharti.

#6 · Mwanafunzi wa Saketi

Wakuu samahani, narudi kwenye lile faili la baiti 0. Mkuu Mshikasolda ulilitatuaje? Mimi programu yangu inaandika vivyo hivyo, fopen kwa "w", fprintf, fclose: nafungua nikifuta kilichomo, naandika, nafunga. Kwenye kompyuta yangu ya mezani sijawahi kupoteza kitu hata nikizima ghafla.

#7 · Mshikasolda

Swali zuri kuliko yote mpaka sasa, na jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kwenye kompyuta yako ya mezani huenda unatumia ext4. ext4 imewekewa huruma maalumu: ikiona umefuta faili na kuliandika upya, au umeandika faili la muda na kulibadilisha jina juu ya la zamani, inaharakisha kusukuma data. Waliiweka kwa sababu programu nyingi zilikuwa zimezoea vibaya. UBIFS haina huruma hiyo. Kwa hiyo kodi ile ile, salama mezani, inakuua kazini.

Data yako ina vituo vitatu kabla ya chipu. Kwanza bafa ya maktaba ya C ndani ya programu yako. Pili kurasa za kerneli kwenye RAM. Tatu chipu. fclose inakutoa kituo cha kwanza hadi cha pili, basi. Watu wengi wanaamini "nimefunga faili" maana yake "imeandikwa". Siyo.

Utaratibu unaofaa:

1. andika kila kitu kwenye faili jipya la muda, saraka ile ile;
2. fflush (itoe kituo cha kwanza), kisha fsync (ishushe hadi chipu) kwenye faili hilo, na ukague jibu la kila moja;
3. funga, kisha rename (libadilishe jina) juu ya faili la zamani.

Umeme ukikatika kabla ya hatua ya 3, la zamani lipo zima. Ukikatika baada yake, jipya lipo zima. Hakuna dirisha ambalo huna kitu.

Sikuishia kuamini maandishi. Nilichukua relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), nikaipitishia waya wa umeme wa bodi, mikrokontrola ya pembeni ikawa inaikata kwa nyakati za kubahatisha: mara nusu sekunde baada ya kuwaka, mara sekunde 12, mara 7. Bodi kila ikiwaka inakagua CRC ya faili la mipangilio, inapeleka jibu kwenye siriali, kisha inaanza kuliandika upya mfululizo mpaka ikatwe. Nikaacha relei igonge usiku kucha. Kwa kodi ya zamani, sikumaliza hata kikombe kimoja cha chai nikisubiri, baiti 0 ikajitokeza. Kwa kodi mpya, asubuhi logi yote ilikuwa "CRC SAWA" kutoka juu hadi chini. Ule mlio wa tik, tik, tik wa relei ulinifunza zaidi ya kurasa zote nilizosoma.

#8 · Kumbukumbu Imara

Mshikasolda, uzi mzuri, ila ongeza hatua ya 4: fsync kwenye saraka yenyewe.

Bila hiyo, badiliko la jina lenyewe linaweza kuwa bado liko RAM. Hutapata faili bovu, hapo uko sahihi, lakini unaweza kuwaka ukiwa na faili la zamani wakati tayari umeshamwambia mtumiaji "Imehifadhiwa". Kwa mwangaza wa skrini hilo ni dogo. Kwa kihesabio cha matumizi au funguo za usalama, ni kubwa sana.

#9 · Mshikasolda

Sahihi kabisa. Hatua ya 4 iongezwe. Relei yangu isingelikamata kosa hilo kwa sababu nilikuwa nakagua CRC tu, sikukagua namba ya toleo. Nitairekebisha programu ya majaribio ilinganishe na namba ya mwisho iliyotumwa kwenye siriali.

#10 · Sekta4K

Sisi wa mikrokontrola mmetusahau. Hatuna Linux, RAM ni kilobaiti 64, NOR ya SPI ya megabaiti 4. Nilianza na SPIFFS, mfumo mdogo wa mafaili wa NOR. Ilinisaidia mwanzoni, lakini haina saraka za kweli, na ikianza kujaa uandishi mmoja unaweza kukusimamisha muda wa kutisha wakati inatafuta nafasi.

Nikahamia LittleFS. Ilitoka ARM mwaka 2017, mwandishi wake Christopher Haster. Matumizi yake ya RAM yana kikomo unachokiweka mwenyewe: saraka ziwe nyingi, faili liwe kubwa, RAM haiongezeki. Kila saraka inakaa kwenye jozi ya bloku. Wakati moja inaandikwa upya, nyingine imebeba hali ya mwisho iliyokamilika. Umeme ukikatika, inaangalia namba ya toleo na CRC, inachukua iliyo nzima. Data ya faili nayo haiandikwi juu ya ya zamani, inaandikwa pembeni kisha kiungo kinahamishwa.

Mambo mawili yaliyoniumiza, mjifunze kwangu. La kwanza: unachoandika hakihesabiwi mpaka usinki (usukume data hadi chipu) au ufunge faili. Niliacha faili la logi wazi siku nzima, umeme ulipokatika logi ya siku nzima haikuwepo. La pili: nikaenda upande wa pili, nikasinki kila mstari wa baiti 40. Kwa kuwa haiandiki juu ya bloku iliyokamilika, kuendeleza bloku ya mwisho iliyojaa nusu kunailazimisha kuinakili kwenye bloku nyingine. Baiti 40 zikawa zinafuta sekta ya kilobaiti 4 kila mara. Sasa nakusanya mistari kwenye RAM, nasinki kila baada ya dakika moja au bafa ikijaa, na nimekubali kwa maandishi kwamba dakika moja inaweza kupotea.

Pia uchakavu inausawazisha kwa bloku mpya zinazoandikwa. Data iliyolala haihamishi kama UBI.

#11 · Nahodha wa Bodi

"Nimekubali kwa maandishi kwamba dakika moja inaweza kupotea." Sekta4K, sentensi hiyo ingeandikwa kwenye kila mradi kabla mtu hajafungua kihariri, mabishano mengi na wateja yangekwisha mapema.

#12 · mhandisi_mkavu

Mimi niulize, kwani lazima mfumo wa mafaili? Kifaa changu kina aina moja tu ya data: rekodi ya baiti 32 kila sekunde 10. Nimeigawa NOR kama duara. Kila rekodi ina namba ya mfuatano na CRC. Ikifika mwisho inarudi mwanzo, inafuta sekta inayofuata kabla ya kuifikia. Nikiwaka natafuta namba kubwa kuliko zote. Uchakavu unajisawazisha wenyewe kwa sababu duara linapita kila mahali sawasawa. Kodi yote haizidi mistari mia tatu na naielewa hadi nukta.

#13 · Mshikasolda

mhandisi_mkavu, kwa data ya aina hiyo uko sahihi, na sitakushauri ubadilishe. Duara ni shajara iliyovuliwa nguo zote zisizohitajika.

Ogopa siku bosi atakapokuja na "tuongeze na faili la mipangilio, na jedwali la watumiaji, na fimwea ya akiba". Siku hiyo utajikuta unaandika mfumo wa mafaili bila kujua, na wako utakuwa haujapigwa na relei kama ulivyopigwa LittleFS.

#14 · Kumbukumbu Imara

Naomba niweke mfano ambao sitausahau, kwa sababu humu tunaongelea umeme tu, wakati mfumo wa mafaili unaweza kukuangusha hata umeme ukiwepo.

Gari la NASA la Spirit lilitua Mirihi Januari 2004. Siku ya 18 ya kazi, tarehe 21 Januari, mawasiliano yakavurugika. Kompyuta yake ilikuwa inajiwasha upya, tena na tena, na hailali usiku, betri zinaliwa. Ilikuwa na flashi ya megabaiti 256, RAM ya megabaiti 128, na mfumo wa mafaili wa aina ya FAT juu ya mfumo endeshi wa VxWorks. Mfumo ule uliweka nakala ya muundo wa saraka ndani ya RAM. Mafaili yalikuwa yamerundikana tangu safarini, na hata yaliyofutwa yaliacha nafasi zao kwenye saraka, kwa hiyo saraka ilikuwa inakua tu. Ikafika siku RAM iliyotengwa haikutosha. Kosa, kuriseti, kumaunti tena, kosa lile lile.

Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA iliyoliongoza gari hilo, waliokoaje? Walikuwa wameacha mlango: amri ya kuwasha bila kugusa flashi kabisa, na kutumia RAM badala yake. Wakaingia kwa mlango huo, wakafuta mafaili, na baadaye wakaifomati flashi upya kutoka mamilioni ya kilomita. Spirit ikaendelea kufanya kazi kwa miaka.

Mimi nimechukua mawili pale. Jaribu kifaa chako kikiwa kimejaa, na mafaili mengi kuliko unavyotarajia. Na kila kifaa kiwe na njia ya kuwaka isiyotegemea patisheni inayoandikwa.

#15 · bitimoja

Sikuwahi kuijua habari hii. Na inalingana kabisa na lile la JFFS2 na RAM alilosema mkuu Mshikasolda.

Swali jingine: bodi yetu mpya ina eMMC. Kontrola inafanya kila kitu, si nipumzike sasa?

#16 · Mshikasolda

Usipumzike. Kontrola imechukua kazi, haijaongeza uhai wa chipu.

Mfano uko hadharani. Magari ya Tesla Model S na Model X ya miaka ya nyuma yalikuwa na eMMC ya gigabaiti 8 kwenye kompyuta ya skrini. Chipu zikachakaa kwa kuandikwa, skrini zikawa zinakufa, na zikifa zinaondoka na picha ya kamera ya nyuma. Mwaka 2021 yakarudishwa karibu magari 135,000 nchini Marekani. Hakuna aliyekosea kuchagua kontrola. Kilichoiua ni wingi wa kuandika kwenye chipu ndogo.

Kwa hiyo kwenye eMMC: logi zipeleke RAM, uziteremshe kwa mafungu. Maunti kwa noatime, usiandike flashi kwa sababu tu mtu amesoma faili. Acha nafasi tupu. Kama chipu inaruhusu, geuza eneo la kuandikwa liwe la mtindo wa SLC, unapoteza ukubwa unapata uhai. Na pima: kuanzia eMMC 5.0 chipu yenyewe inakwambia imekula asilimia ngapi ya maisha yake, kwa hatua za kumi kumi. Amri ni `mmc extcsd read`. Isome leo, isome baada ya mwezi wa kazi halisi, utajua kifaa kitakufa lini kabla hujauza cha kwanza.

ext4 au F2FS? F2FS ilitoka Samsung, iliingia Linux 3.8 mwaka 2013, imetengenezwa kwa kuijua FTL iliyo chini yake. Ni nzuri kwa maandishi madogo ya kutawanyika. Mimi bado naweka ext4 kwenye vifaa vingi kwa sababu zana zake za ukarabati nimezizoea kwa miaka. Ni uzoefu wangu tu, sibishani na anayependa nyingine.

#17 · Sekta4K

Kwenye kadi za SD niongeze onyo moja. Daftari la ext4 (rekodi ya mabadiliko yanayoendelea) linalinda kile ext4 inachokijua. Kontrola ya kadi ikikatiwa umeme wakati inahamisha meza zake za ndani, inaweza kupoteza kitu ulichoandika wiki iliyopita na hukukigusa. Hakuna mfumo wa mafaili unaokukinga na hilo. Kadi nayo ipigwe na relei, chapa unayokusudia kutumia, si yoyote iliyo karibu.

#18 · Kumbukumbu Imara

Jambo hilo hilo lina ndugu yake kwenye MLC uchi. Seli moja inabeba biti mbili, na biti hizo ziko kwenye kurasa mbili tofauti. Umeme ukikatika unapoandika ukurasa wa pili, ule wa kwanza, uliokwisha kamilika na kuthibitishwa, unaharibika nao. UBIFS ilijengwa ikiamini kilichokamilika kimekamilika. Ndiyo maana tangu 2018 UBI kwenye Linux inakataa kufungua MLC inayotumika kama MLC. Ukikutana na ujumbe huo usitafute namna ya kuupita.

#19 · Mwanafunzi wa Saketi

Nimejaribu utaratibu wa hatua nne jioni hii. Swali la mwisho: upande wa umeme wenyewe, kapasita kubwa inatosha?

#20 · Nahodha wa Bodi

Inasaidia ukijua unanunua muda gani. NAND inaandika ukurasa kwa mamia ya mikrosekunde, inafuta bloku kwa milisekunde chache. Kapasita inaweza kubeba hilo. NOR kufuta sekta ya kilobaiti 4 ni makumi ya milisekunde, na zipo datashiti zinazoruhusu hadi 400. Soma ya chipu yako, chukua namba ya juu, si ya kawaida.

La muhimu zaidi ni volti kushuka polepole. Prosesa ikiwa inaendelea kutoa amri wakati volti imeshuka chini ya kiwango cha chipu, inaweza kuandika upuuzi mahali popote. Weka chipu ya kusimamia riseti iliyopangwa juu ya kiwango cha chini cha flashi, na pini ya kuzuia kuandika uiunganishe nayo.

#21 · bitimoja

Wakuu, mrejesho. Nimehamisha bodi ya zamani kutoka JFFS2 kwenda UBIFS, mfumo mzima nimeuweka SquashFS, patisheni ya kuandikwa imebaki ndogo na ina mafaili matano tu, nimeyaandika yote kwenye karatasi pamoja na programu inayoyagusa. Inawaka haraka mpaka nilidhani imeruka hatua.

Relei nimeifunga jana usiku. Asubuhi logi ilikuwa safi isipokuwa mistari miwili: CRC sawa, namba ya toleo iko nyuma kwa moja. Nilikuwa nimesahau fsync ya saraka kwenye faili la pili. Nimeirekebisha, relei imeanza kugonga tena saa hii, naiacha hadi Jumapili.